Mstari Chini ya Shingo

Asubuhi ile Evalina alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, beseni la maji ya sabuni mbele yake, anaosha fremu ya baiskeli ya kaka yake kama mtu anavyoogesha mtoto mchanga: shingo kwanza, halafu makwapa. Ilikuwa fremu tupu. Magurudumu yalipinda siku ya ajali, usukani ulishauzwa. Kilichobaki ni yale mabomba matatu makubwa ya alumini, na yale membamba ya nyuma, yote mekundu. Ukiinyanyua kwa kidole kimoja inakuja.

Huo wepesi ndio uliokuwa unamkosesha raha baba yake mdogo, Magese.

"Kitu chepesi hivi mtu ananunuaje?" alisema, ameshika kiuno. "Baiskeli ni ile ukiiegemeza ukutani, ukuta wenyewe unajua umeegemewa. Hii ukiipakia gunia moja tu la pamba inapiga magoti kama ng'ombe mgonjwa."

"Ni ya mashindano, bamdogo."

"Najua ni ya mashindano. Na hayo mashindano yametuletea nini?"

Evalina alichovya kitambaa tena kwenye beseni. Yalichokileta kilikuwa kimelala chumbani, upande wa pili wa ukuta aliokuwa ameupa mgongo. Kaka yake Constantine, ambaye nyumbani wote walimwita Kosta, alianguka wiki tatu zilizopita akiwa anafanya mazoezi peke yake kwenye lami. Ng'ombe walivuka ghafla. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Magese, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ile nyumba tangu baba yao afariki, akamwita mzee mmoja anayeunga mifupa kwa vijiti na dawa za majani. Mzee alifunga vizuri, akaondoka na jogoo wake. Siku ya kumi mguu ukaanza kutoa harufu. Hospitali walivyofungua zile kamba walisema apelekwe Mwanza akawekewe vyuma, na wasikawie, maana wakikawia kitakachofanyika kule siyo kuwekewa vyuma tena.

Pamba ilikuwa bado iko shambani. Mbuzi walishaisha kwenye dawa za mwanzo. Ikabaki fremu.

Muuza chuma chakavu alikuja wa kwanza. Aliipima kwa mkono, akasema elfu nane, tena kwa sababu ni alumini. Magese alikuwa anakaribia kupokea. Halafu dereva mmoja wa lori la dagaa akapeleka habari Lamadi, na jioni yake kijana anaitwa Januarius akapiga kwenye simu ya mama. Akasema kama ni ile nyekundu anayoijua yeye, na kama ni nzima, atatoa laki tatu. Magese alimwambia arudie, akidhani amesikia vibaya.

"Ameuliza kitu kimoja tu," Magese alimwambia Evalina sasa, amepunguza sauti. "Ameuliza imewahi kuanguka? Nimemwambia haijawahi hata kuegemea. Kwa hiyo wewe unajua cha kufanya."

Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha rangi ya kucha. Alikuwa amekinunua mwenyewe gulioni, mwanaume mzima, amesimama kwenye meza ya hereni akilinganisha wekundu na kifuniko cha chupa ya soda.

"Kila mkwaruzo. Asiuone hata mmoja."

Evalina alifanya kazi ile vizuri, maana kazi za kimya alikuwa anaziweza. Shuleni, kidato cha tatu, walimu walikuwa wanamsahau hadi wanapogawa madaftari. Mikwaruzo ilikuwa mingi upande wa kulia, mipana, imechubuka hadi alumini yenyewe inang'aa kama tumbo la samaki. Aliipaka mmoja mmoja, anapuliza, anarudia.

Mmoja ulikuwa tofauti. Ulikuwa chini ya shingo, pale bomba la chini linapoungana na bomba la usukani. Mwembamba kama unywele, urefu wa pingili moja ya kidole, umejikunja kidogo. Haukung'aa. Ulikuwa na weusi. Aliufuta kwa kitambaa, weusi ukatoka. Alipokausha na kuikandamiza fremu chini, weusi ukarudi, kama vile kuna kitu ndani kinatokwa na jasho. Akafuta tena. Ukarudi tena. Akaona ni grisi ya zamani ya Kosta. Akaupaka mara mbili, na ya tatu kwa usalama, ukapotea kabisa.

Kabla wageni hawajafika Magese aliingia chumbani kwa Kosta. Evalina alimsikia kupitia dirishani.

"Wakija, wewe uko Mwanza. Umepata kazi. Usigune, usikohoe. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa," Kosta alisema.

"Ni kwa ajili ya mguu wako."

"Nimeelewa, bamdogo."

Walifika saa tano na pikipiki moja, watu wawili. Januarius alikuwa kijana mrefu, miguu kama ya korongo, anacheka kabla hajashuka. Kwao wanauza samaki pale Lamadi, na koti lake lilikuwa na harufu hiyo hiyo. Mwenzake alikuwa mtu mzima mwenye mkoba wa turubai, fundi Mabula, ambaye kila mwenye baiskeli pale Bariadi mjini anamjua. Januarius alikuwa amemkodi amkagulie.

"Mwadeela," fundi Mabula alisalimia.

"Mwadeela, mhola?" Magese akaitikia, akawapa viti. Evalina akaleta maji ya kunywa, akasimama kwenye kona ya jiko na trei imefunika kifua chake.

Januarius hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye fremu iliyokuwa imening'inizwa kwenye mti wa kuanikia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii," alisema. "Fundi, ndiyo hii. Mwaka juzi Nassa ilinipita kwenye kilima. Mimi nakanyaga hadi naona nyota, yule jamaa amekaa tu kwenye siti, anapumua kama anaenda dukani. Nikasema hapana, siyo mtu huyu, ni baiskeli." Akamgeukia Magese. "Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko Mwanza. Amepata kazi."

"Mwambie nimemsalimia. Mwambie ni yule aliyempita kama amesimama."

"Nitamwambia," Magese alisema.

Evalina aliangalia dirisha la chumba cha Kosta, halafu akaangalia chini.

Fundi Mabula hakuwa mtu wa hadithi. Alitoa mkobani sumaku iliyochomolewa kwenye spika mbovu, akaipitisha kwenye kila bomba. Haikung'ang'ania popote. "Alumini kweli," alisema. Akaingiza kidole kwenye tundu la siti, akazungusha, akanusa kidole. Akatoa uzi mweupe, akaufunga nyuma pale gurudumu linapokaa, akauzungusha shingoni na kuurudisha upande wa pili, halafu akafumba jicho moja kuangalia kama bomba la katikati limepishana sawa na uzi pande zote mbili.

"Imenyooka," alisema. "Kwa umri wake, imenyooka sana."

"Nilikwambia," Magese alimwambia Januarius, ingawa hilo hakuwahi kumwambia.

"Hizi alama nyekundu ni nini?" fundi akauliza. Alikuwa ameinamia upande wa kulia. Alikwangua kidogo kwa ukucha. "Hii ni rangi ya kucha."

Magese alicheka haraka. "Huyo binti. Anapenda mapambo huyo. Nimemwambia aioshe, ameiremba kama bi harusi."

"Dada," Januarius akamwambia Evalina, "na hiyo rangi nailipia, au ni zawadi?"

Wanaume wakacheka wote watatu. Masikio ya Evalina yakawaka moto. Alitamani trei iwe kubwa kuliko ilivyokuwa.

Fundi aliendelea kukwangua hapa na pale. Chini ya rangi alikuta mikwaruzo, akaipitishia kidole, akaridhika. "Mikwaruzo siyo ugonjwa," alisema. Kisha akachuchumaa, akaanza kumwelezea Januarius, taratibu, kama mwalimu. "Sikiliza, maana hii ni mara yako ya kwanza kununua alumini. Chuma cha kawaida kinapinda kwanza. Kinakupa taarifa. Kikikatika unampelekea mchomeleaji, kesho unabeba mkaa. Alumini haipindi. Inakaa kimya, inakaa kimya, halafu inakatika mara moja. Na hapa kwetu hakuna wa kuichomelea, wataiyeyusha tu. Kwa hiyo fremu kama hii ina bei mbili. Nzima, laki tatu halali yake. Ikiwa na ufa, elfu nane kwa wa chuma chakavu. Hapo katikati hakuna bei."

"Ufa unaujuaje?"

"Mkwaruzo unang'aa. Ufa una weusi. Ule weusi ni alumini inajisaga yenyewe kwa ndani kila inapokanyagwa. Unafuta, unarudi."

Macho ya Evalina yalienda yenyewe chini ya shingo ya fremu, hakuyatuma.

Fundi akachukua spana ndogo. Akaanza kugonga mabomba moja moja, sikio karibu. La juu likalia vizuri, ting. La katikati, ting. Akafika la chini, karibu na shingo, akainua spana, na pale pale Kosta akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilichozuiwa muda mrefu, kikatoka kwa nguvu zaidi kwa sababu hiyo, na mwisho wake kukawa na mguno.

"Nani huyo?" Januarius aliuliza.

"Mbuzi," Magese alisema kwa sauti kubwa. "Tuna mbuzi ana mafua ndani, tumemtenga na wenzake. Fundi, unywe maji basi, jua hili, au nikuletee togwa? Eva, mletee fundi togwa. Unajua mwaka huu mvua imetusumbua kweli, pamba imeota majani tu, majani matupu, na wewe kijana, sijui huko kwenu Lamadi..."

Akaendelea kuongea hivyo, sauti juu. Spana ilishagonga, na hakuna aliyesikia imelia vipi. Fundi alisubiri kidogo, akaiweka chini.

Lakini hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Alipitisha kidole chini ya shingo, akasimama pale kwenye rangi ya kucha. Pale ilikuwa nene, mara tatu. Hakukwangua, maana aliyepaka alikuwa pale pale. Aliinua macho akamtazama Evalina, aliyekuwa amerudi na kikombe cha togwa, na akamuuliza kwa upole kabisa, kama baba.

"Mayu, binti yangu, wewe ndiye uliyepaka. Hapa chini ulikuta nini? Mkwaruzo tu?"

Kila mtu alimgeukia. Hilo lilikuwa jambo ambalo Evalina alikuwa analiogopa kuliko nyoka, watu wote kumgeukia. Magese hakukunja uso, hakufanya chochote, alimwangalia tu. Na dirishani, nyuma ya pazia la kanga, kulikuwa na harufu. Labda wengine hawakuisikia. Yeye aliisikia.

"Mkwaruzo tu," alisema.

"Haukuwa na weusi?"

"Hapana."

"Basi," fundi Mabula alisema, akapokea togwa. "Aliyeipaka kwa mkono wake ndiye anayejua. Nzima."

Pesa zilitoka kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya soksi ya Januarius. Magese alizihesabu mara mbili, midomo inacheza. Januarius alimlipa fundi wake, halafu akaifunga fremu mgongoni kwa mipira ya tyubu kuukuu, shingo ikachomoza juu ya bega lake la kushoto. Alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Krismasi.

"Magurudumu ninayo, usukani ninao," alisema. "Leo jioni naifunga. Kesho alfajiri naipeleka hadi Kalemela na kurudi, lami ikiwa bado ya baridi, hakuna magari. Niione inavyoshuka." Akamgeukia Evalina. "Dada, asante kwa urembo."

Pikipiki ikaondoka.

Magese hakukaa. Alienda kutafuta gari, akarudi saa kumi akasema amepata Noah, dereva amepokea hela ya mafuta na atakuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hela ya kuanzia kule hospitali mama ameshaifunga kiunoni. Alisema yote hayo bila kukaa, halafu akaenda kwake. Mama, aliyekuwa shambani wageni walipokuja, alianza kufungasha: sufuria, shuka mbili, mkeka, kadi ya hospitali. Alikuwa anafungasha na kufungua, anasahau ameweka nini.

Evalina alimpelekea Kosta uji. Kaka yake alikuwa amelala chali, uso umekonda, mguu umeinuliwa juu ya mto. Nzi wawili walikuwa wanatembea kwenye bandeji.

"Mbuzi anakunywa uji?" Kosta alisema.

Evalina alitaka kucheka akashindwa. Akamlisha vijiko vitatu. Halafu akamwambia, maneno yakitoka moja moja, kuhusu ule mstari na ule weusi uliokuwa unarudi.

Kosta aliacha kumeza.

"Chini ya shingo?"

"Ndiyo."

"Umejikunja?"

"Kidogo. Kama ukucha."

Akageuza macho kwenye bati.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Wiki nzima kabla sijaanguka. Ninaposhuka, inafanya tik, tik. Nikadhani ni pedeli. Nikapaka mafuta pedeli." Akalamba midomo. "Ng'ombe walikuwa mbali, Eva. Nilikuwa na nafasi ya kuwakwepa. Usukani haukunisikiliza. Nilimwambia bamdogo ni ng'ombe kwa sababu... sijui. Nilidhani ni mimi nimekosea."

"Anaenda nayo kesho alfajiri. Kalemela."

"Nimesikia. Ukuta ni mwembamba."

"Nifanyeje?"

Kosta aligeuza uso upande wa ukuta.

"Gari inakuja saa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja na nusu."

"Mguu unanuka, si ndiyo? Sema tu."

Evalina aliwafukuza nzi kwenye bandeji. Uji ukapoa.

Jioni simu ya mama ilikuwa jikoni, kwenye kopo la chumvi, ndipo mtandao unaposhika. Namba ya Januarius ilikuwa ndani, mama alikuwa ameiandika *fremu*. Evalina aliangalia nje. Mama alikuwa bado na sufuria zake. Akabonyeza kupiga kabla hajapata muda wa kuogopa.

Iliita mara mbili.

"Haloo? Haloo, mama, shikamoo." Nyuma yake kulikuwa na muziki na mtu anagonga chuma. "Haloo? Nakusikia unapumua. Ni hela? Niliwapa kamili jamani."

Mdomo wa Evalina ulifunguka. Hakikutoka kitu. Ilikuwa kama darasani, mwalimu amesema simama, na lile neno alilokuwa nalo ameketi limebaki kwenye kiti.

"Mtandao huu," Januarius alimwambia mtu, na simu ikakatika.

Alikaa chini karibu na mafiga. Aliwaza kumwambia mama, na akamwona mama anafungua ile kanga kiunoni, anatoa hela, anairudisha. Mama angeirudisha. Hilo alikuwa na uhakika nalo, na ndiyo sababu hakwenda. Akawaza mguu wa Kosta. Akawaza mtu anashuka kilima cha kwenda Kalemela ameinamisha kichwa, lami inakimbia chini yake, na kitu kinafanya tik, tik, na yeye anadhani ni pedeli.

Akaandika. Akafuta. Aliandika *samahani* peke yake, akafuta. Mwishoni aliandika haraka bila kusoma:

*Kaka Januarius ni mimi niliyepaka rangi. Nilidanganya. Chini ya shingo kuna ufa una weusi unarudi. Kaka yangu alianguka nayo yuko ndani amevunjika mguu, siyo mbuzi. Usiipande kesho. Hela tumeshaitoa kwa ajili ya mguu sijui tutarudishaje ila usiipande. Kwangua uone. Evalina.*

Ilikuwa saa mbili kasoro. Alibonyeza, simu ikafikiri, ikaandika *imetumwa*.

Alisubiri jibu la hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa matusi. Alisubiri simu ilie mama asikie, mambo yote yaharibike kwa pamoja, yaishe. Haikulia. Mama alimwita amshikie tochi, akashika. Aliporudi jikoni hakukuwa na kitu kwenye simu. Alilala pale pale jikoni, simu kwenye kopo lake kando ya kichwa, imewashwa sauti hadi mwisho.

Saa kumi na moja na nusu taa za Noah ziliingia uani. Magese na dereva walimbeba Kosta ndani ya shuka, akapiga kelele mara moja tu, pale mlangoni. Mama alinyoosha mkono kuomba simu yake.

"Subiri kidogo, mama," Evalina alisema.

Aliifungua. Kulikuwa kumeanza kupambazuka upande wa shamba la pamba, na huko Lamadi lami ilikuwa bado ya baridi. Meseji yake ilikuwa pale pale, ndefu, na chini yake hakukuwa na kitu.